Uliza Bi Makaratasi: Miaka ya kukaa unayo, karatasi zake ziko wapi?

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji. Mwezi huu meseji na barua zimenijia nyingi na karibu nusu yake zinauliza jambo moja, uraia. Mtu kakaa miaka kumi na ushee, kaoa, kazaa, jirani washamuona ndugu, siku akiambiwa alete ushahidi kwamba kweli alikuwepo ndo anaanza kupekua chini ya godoro na juu ya kabati. Mie nilikaa masjala miaka 27 nikipokea na kurudisha mafaili, na niliowarudisha nyumbani wengi wao walikuwa na haki yao kabisa, ila hawakuwa na karatasi ya kuisemea. Barua nimezifupisha, majina nimeyatoa.

Shikamoo Bi Makaratasi. Mie mtu wa Lamu, fundi wa milango ya kuchonga, nipo Unguja tangu 2012. Nilikuja na tajiri wangu wa kwanza, hati ya ukaazi daraja B, ikenda mpaka Juni 2016 karakana ikafungwa. Baada ya hapo nikawa nakwenda Lamu narudi, naingia kwa pasi ya mgeni, mpaka Januari 2018 nikapata tajiri mwengine na hati mpya, na hiyo narinyuu mpaka leo. Mwaka huo huo nikaoa hapa, mke wangu Mzanzibari, tuna watoto wawili. 2020 nilikwenda kumuangalia mama, korona ikanikuta huko nikakwama miezi minane. Nataka kupeleka maombi Machi 2026. Wapo wanaonambia nimeoa hapa kwa hiyo cheti cha ndoa kinatosha, na wapo wanaonambia ile 2016 mpaka 2018 itaniharibia, nimtafute sheha, yule kiongozi wa mtaa, aniandikie kuwa nilikuwepo. Nisaidie. – Fundi Milango, Jang'ombe

Marahaba fundi. Tuanze na ndoa maana hapo ndo wengi wanapoanguka. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ile ya 1995, Namba 6, na ndani yake njia ya ndoa imewekewa mwanamke wa kigeni alieolewa na raia. Mwanamme wa kigeni alieoa raia hakutajwa. Kwa hiyo cheti chako cha ndoa kipeleke, kitaonesha umekita mizizi hapa, lakini wewe unaomba tajnisi ya kawaida, yaani uraia wa kuomba mgeni, kama mtu asieoa kabisa. Nakujua utauliza haki iko wapi hapo, na mie najiuliza hivyo hivyo tangu nilipoisoma mara ya kwanza, lakini suala hilo ni la kuwapelekea wabunge, kwenye dirisha la Uhamiaji halitakusaidia.

Sasa tajnisi ya kawaida inataka miaka, na inaihesabu kwa namna ambayo watu hawaielewi wakapata presha bure. Kwanza uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kuomba. Halafu wanachukua miaka 10 iliyo nyuma ya hiyo miezi 12, na ndani ya hiyo 10 wanataka uwe umekaa jumla ya miaka 7 kwa uchache. Jumla, fundi, lisikilize neno hilo. Hawakusema mfululizo.

Haya chukua penseli yako ya kupimia mbao tuhesabu. Ukiomba Machi 2026 basi miezi yako 12 ni Machi 2025 mpaka Machi 2026, hapo kaa utulie, Lamu isalimie kwa simu mpaka upeleke maombi. Miaka 10 ni Machi 2015 mpaka Machi 2025. Kutoka Machi 2015 mpaka Juni 2016 ulikuwa na hati, huo mwaka mmoja na miezi mitatu. Juni 2016 mpaka Januari 2018 liwache, usihesabu hata siku moja, ile pasi ya mgeni ni ya kutembea. Januari 2018 mpaka Machi 2025 ni miaka saba na miezi miwili, toa miezi minane ya korona, inabaki sita na nusu. Jumlisha na ule mwaka na miezi mitatu wa mwanzo. Saba na miezi tisa! Umevuka bila ya kulitia lile pengo hata kidogo. Sasa barua ya sheha ya uongo ya nini? Pasipoti yako ina mihuri ya kutoka na kuingia miaka hiyo, barua iseme ulikuwepo mihuri iseme hukuwepo, na hata ukipita leo, uraia wa tajnisi uliopatikana kwa udanganyifu sheria inaruhusu unyang'anywe kesho. Pengo liandike kama lilivyo: nilikuwa Lamu, karakana ilifungwa. Kwisha.

Kazi yako iliobaki ni kuivisha miaka hiyo nguo. Nunua daftari la mistari, la skuli tu, kwenye kila ukurasa andika mwaka mmoja kuanzia 2015, na chini yake mambo matatu: nilikaa nyumba gani, nilikuwa na hati gani, na karatasi gani inaonesha. Ukurasa utakaobaki mtupu, hapo ndo utajua kwamba una safari ya kufunga.

Karatasi zenyewe nzito kuliko zote ni hati za ukaazi na pasipoti, zote, na zile zilizokwisha. Ile pasipoti ya zamani waliyoikata pembe watu huwapa watoto wakachezea, na ndani yake ndo mna mihuri yako ya nusu ya umri. Halafu usichanganye mambo mawili ambayo kila siku watu wanayachanganya: kibali cha kazi huku kwetu kinatoka Kamisheni ya Kazi, hati ya ukaazi inatoka Uhamiaji. Mtu ananiletea vibali vya kazi vinne vimepangwa vizuri anadhani kamaliza, kumbe hati ya ukaazi ya mwaka fulani imebaki kwa tajiri. Na wewe yule tajiri wako wa kwanza alofunga karakana, mtafute sasa hivi kabla hajahamia kwao, kama anazo kopi za hati yako na mikataba hizo ni dhahabu.

Baada ya hapo ndo zinakuja karatasi za kusaidia. Kama tajiri alikukatia ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda ukachukue taarifa ya michango, ile inaonesha mwezi kwa mwezi na haidanganyi. Taarifa ya benki, PBZ au yoyote uliyonayo, kwa miaka yote. TIN yako na karatasi za kodi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kadi zao za kliniki, usicheke, kadi ya kliniki ina tarehe na ina jina la baba. Mkataba wa nyumba.

Umeme wacha nikwambie kabisa usiutegemee. Siku hizi sote tunatumia Tukuza, unanunua yuniti unabonyeza namba umemaliza, bili ya mwezi hakuna, na mita ina jina la mwenye nyumba, pengine la baba yake marehemu. Na hizo risiti zenyewe! Mwaka juzi kijana mmoja kaniletea bahasha ya kaki imejaa, alizihifadhi kwa mpangilio kila mwaka na mpira wake, nikazitoa moja moja juu ya meza, zote nyeupe kama ganda la yai. Ile karatasi ya mashine wino wake unachomwa na joto na unaondoka kwa joto, na kabati zetu hizi za Unguja na unyevu wa pwani haimalizi miaka miwili. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha tarakimu, nne au tisa hujui. Risiti yoyote ya aina hiyo siku unayoipata itie fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, shilingi chache tu pale dukani, kisha hiyo halisi ukitaka ufungie karanga.

Yaliobaki nitayapitisha haraka. Kiswahili au Kiingereza ujue, na wewe Kiswahili cha Lamu watakuona unawafundisha. Tabia njema. Fomu, picha, cheti cha kuzaliwa, wasifu wako, wadhamini wanaokujua kweli. Tangazo kwenye gazeti linalosajiliwa Tanzania, matoleo mawili yanayofuatana, na hayo magazeti ununue nakala zake siku hiyo hiyo maana wiki ijayo yatakuwa yashafungiwa samaki. Maombi yanapita shehia, wilaya, mkoa, ndo yanapanda juu mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Waziri akisema hapana huna mahkama ya kumshitakia kwa uamuzi huo, ndo maana nakung'ang'aniza faili liwe safi kabla halijaondoka mkononi mwako. Ada usiulize vijiweni, uliza dirishani na ulipe kwa kontrol namba tu, anaekwambia mpe mkononi atakuharakishia huyo mkimbie.

Na moja la kukaa na mkeo mlizungumze usiku. Tanzania haitaki uraia wa nchi mbili, ukikubaliwa utaukana wa Kenya. Kenya wao tangu Katiba yao ya 2010 wanaruhusu uraia pacha, kwa hiyo kikwazo kiko kwetu si kwao, na Mkenya wa kuzaliwa aliepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyengine sheria zao zinamruhusu kuomba kurudi. Lakini akirudi, huku tena ametoka. Shamba la Lamu na urithi wa mama yafikirie kabla ya kula kiapo.

Bi Makaratasi, mie Mngazija wa Komoro, nimeolewa Pemba tangu 2009, Wete. Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka jana sasa yupo kitandani. Hati yangu ya ukaazi imekwisha miezi mitatu nyuma kwa sababu ya kumuuguza. Wanangu wananambia nisubiri baba apone ndo niombe uraia. Tena jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa cha kwetu ni Mariama, kwenye hati ya ukaazi Maryam, kwenye cheti cha ndoa Maryamu, na hicho cha ndoa mchwa kala pembe moja. – Mama Watatu, Wete

Pole sana mama, na mzee Mungu amnyanyue. Wanao nawapenda lakini ushauri wao usiufuate. Ile sheria ya 1995 inasema mwanamke alieolewa na raia anaweza kuomba wakati wowote *katika uhai wa mume*. Maneno yenyewe ndo hayo. Sikutishi na simuombei mtu mabaya, umri anao Mungu, ila njia yako hii imefungwa kwenye uhai wake, na wewe huhitaji ile hesabu ya miaka kumi niliyomfanyia fundi hapo juu. Usisubiri.

Kwanza wiki hii hii nenda ukashughulikie hati ya ukaazi. Wete ni makao ya mkoa, huna haja ya kupanda boti. Sema kweli, ulikuwa unauguza, chukua karatasi za hospitali za mzee zenye tarehe. Kutakuwa na masuala na pengine faini, lakini kwenda mwenyewe si sawa na kukamatwa, na maombi ya uraia ukiyapeleka na hati iliyokufa jambo la mwanzo utakaloulizwa ndo hilo.

Cheti cha ndoa, mchwa asikukoseshe usingizi. Ndoa iliyosajiliwa ina daftari lake, siku hizi vizazi, vifo, ndoa na talaka viko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, nenda na hicho kilichobaki uombe nakala mpya. Kitu muhimu zaidi ni upande wa mume: cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chake cha taifa na cha Mzanzibari, pasipoti kama anayo. Yeye ndo raia, wewe unapita mlangoni kwake, mlango wenyewe uwe na ushahidi.

Jina ndo litakalokutoa jasho. Mie mwenyewe iliponistaafisha serikali, afisi moja nisiyoitaja ilinikalisha miezi mitano bila ya kiinua mgongo kwa herufi moja: barua ya ajira imeandikwa Zuhra, na kitambulisho kimeandikwa Zuhura. Miaka 27 nimewapangia wao mafaili, nikafika dirishani kijana aliezaliwa nimeshaajiriwa ananiuliza, mama, huyu Zuhra ni nani? Nikamwambia ni pacha wangu, hakucheka. Basi wewe nenda kwa wakili ule kiapo kwamba Mariama na Maryam na Maryamu ni mtu mmoja, *yote matatu yaandikwe kama yalivyo herufi kwa herufi*, na kila hati itajwe, hii ina jina hili, hii ina jina lile. Viapo vingi navyoviona vinasema tu "majina yote ni yangu" bila ya kuyataja, hicho hakikusaidii. Kisha kuanzia siku hiyo shika tahajia moja, na iwe ya kwenye pasipoti.

Cheti cha kwenu cha Kifaransa kitafsiriwe na wanaotambuliwa, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya tafsiri, huku kwetu waulize BAKIZA, baraza la Zanzibar. Usimpe mwalimu wa jirani akutafsirie akatia saini yake, hata akiwa Kifaransa chake ni cha Paris.

Vipi Bi. Mie mwalimu kutoka Uganda, nasomesha skuli ya binafsi hapa Unguja mwaka wa kumi na mbili huu. Vibali vyangu vyote ninavyo alhamdulillah. Shida yangu nyumba, nimehama mara sita, Kikwajuni, Mpendae, Fuoni mara mbili, Mwera, sasa Bububu. Mikataba sikuwahi kupewa, nalipa mkononi. Sheha wa sasa kaniandikia barua lakini nimeambiwa haitoshi. – Teacha, Bububu

Teacha, nina hakika barua yako imeandikwa hivi: "Namtambua mtajwa hapo juu kuwa ni mkaazi wa shehia yangu." Nimepatia? Zote zimeandikwa hivyo, ndo barua ya sheha ya kufungulia akaunti ya benki na kusajilia laini. Soma tena hayo maneno, yanasema leo upo. Hayasemi tangu lini. Unaweza kuwa umehamia juzi Ijumaa na barua ikawa ya kweli kabisa.

Unayoitaka wewe inasema: alikaa katika shehia hii, nyumba ya fulani, tangu mwezi fulani mwaka fulani hadi mwezi fulani mwaka fulani. Na unaitaka kwa kila shehia uliyopita. Usiende mikono mitupu ukamwambia sheha nikumbuke, watu wamepita mbele yake maelfu, nenda na mwenye nyumba wako wa zamani, au mwanawe, na kitu cha tarehe, picha ya sikukuu ulopiga barazani, risiti, chochote. Sheha aliekuwepo wakati wako kama kaondoka au kafariki, nenda afisi ya shehia kwa alieshika sasa, huyo anaweza kuandika kwa kutegemea daftari na mashahidi, ila aandike hivyo, asijifanye alikujua yeye.

Halafu angalia majina ya mahali. Kama Fuoni ulikaa wakati bado ni Wilaya ya Magharibi moja, karatasi zako za wakati huo zinasema Magharibi, na za baadae zinasema Magharibi B, na Bububu sasa uko Magharibi A. Na shehia nazo zimegawanywa huku na kule. Afisa wa Unguja atafahamu, lakini faili lako halimaliziki Unguja, litasomwa na mtu ambae hajui Fuoni iko wapi na atadhani umetaja sehemu mbili tafauti. Andika ukurasa mmoja wa maelezo, nilihama mara sita, hizi hapa kwa mpangilio, na wilaya hii iligawanywa. Hao wenye nyumba waliokuwa wakipokea kodi mkononi waombe wakuandikie hata sasa, kwa saini na namba ya simu na kopi ya kitambulisho. Wengine watakataa maana wanaogopa kodi ya serikali. Hao wasikuumize kichwa, mwaka huo uzibe na barua ya skuli yako, mwalimu anasaini mahudhurio kila siku, yakhe, nani ana ushahidi wa kukaa kuliko wewe?

Shikamoo mama. Mie wa Mkoani, Pemba, nipo Leicester, nataka kuomba uraia wa Uingereza mwaka huu 2026, ninayo hati ya kukaa moja kwa moja tangu 2023, sikuolewa na Muingereza. Wasiwasi wangu ni safari. Nilikuja Pemba kwa harusi ya mdogo wangu tarehe 5 mpaka 26 Disemba 2021, nikaja wiki sita Ramadhani ya 2023, na baba alipofariki nikakaa tangu mwanzo wa Julai mpaka mwanzo wa Novemba 2025. Nitaharibikiwa? – Binti Mkoani

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Kwa Waingereza hesabu ni siku, na wao ni wakali wa siku kuliko mwenye duka la mkopo. Katika miaka mitano kabla ya kuomba usiwe nje zaidi ya siku 450. Zako zote tatu hazifiki hata mia mbili, hapo umepona. Lakini katika miezi 12 ya mwisho usiwe nje zaidi ya 90, na msiba ulikuweka miezi minne. Ukiomba sasa hivi unajitia kwenye kuombea huruma. Subiri Novemba 2026 ipite, ile safari yote itakuwa imetoka nje ya mwaka.

Ila usikimbilie kuomba Disemba! Ipo sharti watu hawaioni: siku ile ile miaka mitano nyuma kabla ya maombi kufika lazima uwe ulikuwepo Uingereza kwa mwili wako. Ukiomba katikati ya Disemba 2026, miaka mitano nyuma ulikuwa Mkoani umekaa jamvini unapambwa piko. Ingojee Januari 2027, hapo harusi nayo imetoka nje ya hesabu kabisa.

Siku ya kuondoka na siku ya kufika hazihesabiwi kuwa uko nje, wanahesabu zile nzima za katikati. Kwa kuwa Uingereza hawagongi muhuri wa kutoka, ushahidi wako mzuri ni mihuri ya kwetu hapa, hiyo pasipoti ya Tanzania itunze, na tiketi za ndege zitafute kwenye imeili. Na karatasi za kodi za mwajiri za kila mwaka wanaziita P60, ziweke pamoja na za kansoli. Mtihani wao wa maisha ya Uingereza una masuala 24 kwa dakika 45, upate 18, huo unaweza kuufanya sasa hivi wakati unangoja.

Siku utakayokula kiapo kwao, Utanzania umekwisha siku hiyo hiyo, hata kama pasipoti ya buluu bado iko kwenye mkoba. Njoo Pemba kwa viza, usijidanganye ukapita foleni ya wenyeji.

Nikipata tajnisi ya Tanzania ndo nishakuwa Mzanzibari na kupata ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi? – Mgeni, Malindi

Hapana. Uraia ni jambo la Muungano, unakuwa Mtanzania. Uzanzibari una sheria yake hapa, ya 1985, na masharti yake ya ukaazi wa Zanzibar yenyewe, utayaanza ukiwa na cheti cha tajnisi mkononi. Kwa hiyo lile daftari la nyumba na miaka usilitupe baada ya kiapo, utalirudia.

Bi, cheti changu cha kuzaliwa nimekitia leminesheni kisiharibike, sasa wananiambia hawawezi kukigonga muhuri. Nifanyeje? – Bila jina, Chake

Umekitia ndani ya nailoni muhuri utagongwa wapi? Na wengine wanataka kupapasa karatasi yenyewe waione kama ni halali. Omba nakala nyengine ya cheti kwa ule Wakala wa Usajili niliomtaja juu, hicho cha leminesheni kiweke cha ukumbusho. Na usijaribu kukibandua. Jirani yangu alikibandua chake kwa pasi ya mkaa, ile nailoni ikatoka kweli, na jina la baba likatoka nayo.